Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi



Wazee wetu walikuwa na methali ya kumkumbusha mtu asiyejali taabu ya mwenziwe: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani mwa mtu mwingine, hata ukiwa wa chuma, sisi tulio kando twauona mwepesi kama pamba ya msufi. Methali hii haisemi kwamba ndivyo mzigo ulivyo. Yatusuta kwamba ndivyo macho yetu yalivyo.

Leo napenda tuitazame methali hiyo katika jambo lililo mlangoni petu sisi watu wa Pwani, nalo ni makontena ya bandari ya Kilindini, na njia yapitayo kwenda bara. Je, yaende kwa malori, au yaende kwa reli? Wengi hudhani hili ni jambo la mainjinia na wafanya biashara. Mimi nasema ni jambo la haki na dhulma kwanza, kisha ndipo liwe la mainjinia. Kwani swali lililo ndani yake ni la zamani sana: ikiwa kitendo kina kheri kwa watu wengi, nacho kitawatia hasara watu wachache, je, ni halali kukitenda? Na hao wachache, je, wana haki ya kukizuia?

Tuanze na historia kidogo. Kabla ya reli, mzigo wa pwani ulikwenda bara juu ya mabega ya wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, akatembea nazo miezi kwa miezi, na wengi wao walifia njiani kwa maradhi, njaa na kiu. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu ukingoni mwa ziwa. Bega la mpagazi likapumzika. Hapana mwenye akili atakayetamani mambo yale yarudi. Walakin tusisahau kwamba kazi ile, ingawa ilikuwa ya mateso, ilikuwa pia ndiyo chakula cha nyumba nyingi.

Kisha likaja kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikielekea Houston, nayo imepakia masanduku 58. Mwenye fikira hiyo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori. Aliona ni upotevu wa wakati na mali kushusha magunia na makasha moja moja garini na kuyapakia tena moja moja melini, hali ya kuwa sanduku zima laweza kuinuliwa kwa mara moja. Fikira hiyo ikaenea dunia nzima, na kila ilipofika, kazi iliyokuwa ya magenge ya makuli ikafanywa na kreni moja na watu wachache. Hapo tena mzigo ulihama, na hapo tena kulikuwa na bega lililopumzishwa bila ya kutaka.

Hapa kwetu, kontena lilipoenea, reli ile ya zamani yenye upana wa mita moja ilikuwa yazidi kuchakaa. Ikafika hadi, katika miaka ya 2010, haichukui hata sehemu moja katika kumi ya mizigo ya bandari. Iliyobaki yote ilipanda lori. Na mizigo yenyewe haikusimama ilipokuwa, kwani mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makontena kiasi cha milioni 2, kwa hesabu ya makontena ya futi 20.

Sasa tuseme ukweli kuhusu madhara, maana mwenye kutaka insafu haanzi kwa kuficha. Barabara ya kutoka Makupa, Changamwe, Jomvu, Mazeras hadi Mariakani na kuendelea imebeba kwa miaka mingi mzigo ambao haukufanywa kuubeba. Lami huzama kwa uzito wa matrela. Safu za malori husimama, na injini zinaunguruma zikitoa moshi penye nyumba, shule na misikiti. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika jumla ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Wala madhara hayaishii kifuani. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, huko bara, lori lililobeba kontena lilishindwa kudhibitiwa likawavamia abiria na watu waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya njia. Walikufa watu zaidi ya 50. Wale hawakuwa wamepanda gari lolote la mizigo; walikuwa wamesimama mahali pao pa riziki.

Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni sadaka, na kwamba njia ina haki yake juu ya wenye kuikalia. Ikiwa mwiba mmoja kuuondoa ni sadaka, itakuwaje kuondoa malori mia?

Na njia ya kuyaondoa ipo. Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472 hivi, na mnamo Januari 2018 ikaanza kuchukua makontena. Gari moja la moshi la mizigo huchukua makontena 108 ya futi 20. Lori huchukua mawili. Piga hesabu mwenyewe: kila gari la moshi liondokapo Port Reitz limejaa, malori 54 hayakuwa na haja ya kuondoka. Tena gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halisuguani sana, kwa hiyo mafuta yanayotumika kwa kila tani ya mzigo ni machache kuliko ya tairi la mpira juu ya lami. Ni kweli kwamba gari hili nalo laenda kwa dizeli, kwa hiyo jina la gari la moshi bado linalistahiki. Lakini moshi wa injini chache, nyingi ya safari zake zikiwa nyikani, si sawa na moshi wa malori yaliyopangana vitongojini.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, waweza kusema: basi swali limekwisha, mizigo yote ipande reli. Ngoja. Mpaka hapo tumeutazama mzigo wa mtu mmoja tu.

Tuifikirie nyumba moja ya Jomvu, iliyo kando ya barabara kuu. Si nyumba ya mtu maalumu, walakin ni nyumba tuijuayo sote. Ndani yake mna mtoto mwenye pumu, alalaye kwa kukalishwa juu ya mito. Mama yake akianika kanga asubuhi, jioni huzianua zina vumbi jeusi. Kwa mama huyu lori ni adui. Lakini baba wa mtoto huyu ni dereva wa trela. Mjomba wake anaziba pancha na kujaza upepo penye kibanda cha mabati. Shangazi yake huamka usiku kukaanga mahamri, na wanunuzi wake ni madereva na matingo wanaosubiri foleni. Karo ya mtoto hutoka kwenye lori, na dawa ya pumu hutoka kwenye lori. Kikohozi na chakula vyaingia nyumba ile kwa mlango mmoja.

Sasa mtu akaja akafunga mlango ule ghafla, akasema: nimewaondolea kikohozi. Je, amesema uwongo? La. Je, amefanya haki?

Jambo kama hilo lilitokea. Mnamo Agosti 2019 ilitolewa ilani kwamba mizigo yote iingiayo nchini kwenda Nairobi na bara ipakiwe katika reli mpya, na ikaguliwe na kutolewa katika bandari kavu ya Nairobi. Watu wa Mombasa walipewa siku chache tu. Wenye malori, wenye yadi za makontena, mawakala wa forodha, na wale wadogo wasiohesabiwa popote, wote walijiona wamekatwa mkono. Watu waliingia barabarani kuandamana. Ilani ile ilisimamishwa, mabishano yakaendelea, na mnamo Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri ya kulazimisha mizigo kwenye reli ilipingana na katiba. Kisha tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Tukumbuke pia kwamba reli ile ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa benki ya serikali ya China, na kwamba bandari ilikuwa imefungwa kwa mapatano ya kuihakikishia reli mzigo wa kutosha. Amali hupimwa kwa nia, nasi hatuingii nyoyoni mwa watu. Lakini twaweza kuuliza: amri ile ilipoandikwa, ni nani aliyekuwa mbele ya macho ya mwandishi, mtoto wa Jomvu mwenye pumu au mdai wa deni? Ikiwa ni mdai, basi mtoto asitumiwe kuwa kisingizio.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wametuachia kanuni mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema kwamba madhara ya mtu mmoja au wachache huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma. Mfano wao maarufu ni ukuta wa mtu ulioinamia njia ya watu: huvunjwa, hata kama mwenyewe hapendi, kwa sababu haijuzu kusubiri hadi uwaangukie wapitao. Ya pili yasema kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Huwezi kumwokoa mwenye njaa kwa kumnyang'anya mwenye njaa mwenziwe.

Je, lori ni ukuta ulioinama, au ni tonge la mwenye njaa? Hapa ndipo penye uzito wa swali letu, na jawabu langu ni kwamba ni vyote viwili. Moshi, ajali na uzito unaovunja njia ni ukuta ulioinama, na hapana mtu mwenye haki ya kudumu ya kuuacha umma chini ya ukuta. Kusema kwamba baba yangu alikula kwa kazi hii na mimi sharti nile kwa kazi hii, hata watoto wa watu wakikohoa, hiyo si hoja. Lakini chakula cha shangazi muuza mahamri ni tonge, na mwenye kuuvunja ukuta lazima aangalie kwanza ni nani amelala upande wa pili.

Basi kanuni hizi mbili hukutana wapi? Tutazame kisa kimoja. Mwaka 17 Hijria, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab r.a., Msikiti wa Mtume huko Madina ulikuwa haukidhi tena wingi wa watu. Khalifa akataka kuupanua, akanunua nyumba zilizouzunguka. Yasimuliwa kwamba Abbas r.a., ami yake Mtume s.a.w., alikataa kuiuza nyumba yake. Fikiri, msomaji: ni maslaha gani ya umma makubwa kuliko msikiti ule? Na ni mtawala gani aliyeogopwa kuliko Umar? Juu ya hayo hakutuma watu kuivunja nyumba. Wawili wale walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na hukumu ikamwelekea Abbas. Umar akaikubali. Hapo ndipo Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, alipoitoa nyumba ile mwenyewe, bure, kwa ajili ya Waislamu.

Kisa hiki kina nusu mbili, na desturi yetu ni kuchukua nusu ituridhishayo. Mtawala hupenda ile ya mwisho, kwamba mtu ametoa mali yake kwa ajili ya umma. Raia hupenda ile ya kwanza, kwamba mtawala ameshindwa. Lakini kisa ni kimoja. Kheri ya umma yataka mwenye kubeba hasara aulizwe kwanza, na atambuliwe kuwa ana haki. Na mwenye kutambuliwa haki yake, naye yampasa auangalie umma kwa jicho la kutoa.

Mtu aweza kuniambia: hayo ni ya Masahaba, dunia ya meli na makreni haiendi hivyo. Nami nitamjibu kwa mifano miwili ya bandari zenyewe. Mwaka 1960, makreni na makontena yalipoanza kutishia kazi za bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kilikaa na wenye meli wakapatana. Makuli wakakubali mashine ziingie. Wenye meli wakakubali kutoa kiasi cha dola milioni 29, katika muda wa miaka mitano na nusu, zigawiwe waliokuwa wakistaafu na kulinda mapato ya waliobaki. Maana yake ni kwamba atakayefaidika kwa kuhama kwa mzigo alimlipa yule aliyepoteza. Na huko Rotterdam, Uholanzi, bandari ilipojenga gati mpya baharini, iliweka katika mikataba ya wapangaji wake kwamba ifikapo mwaka 2035 makontena yaendayo bara kwa barabara yasizidi asilimia 35, mengine yaende kwa mashua za mtoni na kwa reli. Mikataba hiyo ilifanywa zaidi ya miaka 20 kabla ya tarehe yenyewe. Dereva aliyekuwa kijana siku ile alipewa nusu ya umri wake wa kazi kujitayarisha.

Basi mambo yanayotakiwa ni mawili: muda na fungu. Ampe muda yule utakayemwondolea kazi, na umpe fungu katika faida itakayopatikana. Kwa Mombasa, muda ulikuwa siku chache, na fungu halikutajwa. Hapo ndipo kheri ilipogeuka dhulma. Kosa halikuwa reli.

Lakini sasa, ndugu msomaji, nageukia upande wetu, nao ndio mgumu zaidi. Sisi watu wa Mombasa tulishinda. Mahakama ilitupa haki, na kazi za bandari zikatangazwa kurudi kwetu. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini yule mtoto wa Jomvu alishinda nini? Usiku ule wa shangwe alilala kwa kukalishwa juu ya mito, kama usiku uliotangulia. Tumeshika nusu ya kwanza ya kisa cha Abbas. Nusu ya pili iko wapi?

Sisemi kwamba kila mtu atoe sawasawa. Abbas alikuwa na uwezo. Mziba pancha hana nyumba ya pili ya kutoa, na kumdai atoe ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Bali nasema kila mtu kwa kadiri ya alichonacho. Mwenye malori 30 aweza kuacha kupakia kupita kiasi cha mizani. Aweza kutengeneza injini itoayo moshi mweusi kabla ya kununua lori jingine, na asimlazimishe dereva kuendesha usiku kucha bila ya kulala. Hayo hayahitaji amri ya serikali. Yahitaji kumwogopa Mwenyezi Mungu. Mwenye kuagiza bidhaa, ambaye mizigo yake yaenda mbali na haina haraka, aweza kuchagua reli kwa hiari yake pale tofauti ya gharama ni ndogo, ajue kwamba nafuu aipatayo kwa lori yaweza kuwa imelipwa na kifua cha mtoto asiyemjua. Kijana wa leo anayetaka kuwa tingo aambiwe ukweli na wazee wake, kwamba reli haitaondoka, na kwamba kontena likifika mwisho wa reli bado lahitaji lori la kulifikisha ghalani, fundi wa kulitengeneza lori hilo, na mtu ajuaye kuandika na kuhesabu. Ajifunze mapema.

Na wenye mamlaka, kama watataka tena kuhamisha mizigo, kwani hapana budi siku hiyo itarudi, waanze na mlango wa uani wa nyumba ya Jomvu. Waulize: hapa hula nani, na atakula nini? Wakishapata jawabu, waandike tarehe ya mbali na waitimize. Reli ikiwa rahisi na ya haraka kweli, mizigo itapanda yenyewe. Lakini ikiwa mwenye kontena hulipa nauli ya reli, kisha akalipa tena lori la kulitoa kituoni, kisha akalipa kwa kuchelewa, hata uandike amri mia, moyo wake utabaki barabarani.

Mzigo, ndugu yangu, haupotei. Ukiondoka begani huwekwa pengine. Uliondoka kwa mpagazi ukapanda reli, ukashuka relini ukapanda lori, na sasa wataka kurudi relini. Katika kila safari kuna aliyepumzishwa na kuna aliyeachwa mikono mitupu, na mara nyingine ni mtu yule yule mmoja. Sharti la haki ni kumtazama usoni kabla ya kuuinua mzigo, na kukiri kwamba alichokibeba si usufi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuondoa madhara njiani pasi na kuyaweka mlangoni pa wengine. Amin.